Ng'ombe Mmoja, Majina Mawili

Yaani nimemaliza, ila nusura nisimalize, na sababu ni baba mkubwa Aminieli na ng'ombe wake.

Thesis yangu ya masters ya kompyuta inatambua ng'ombe kwa pua. Usicheke. Pua ya ng'ombe ina mistari yake, hakuna mbili zinazofanana. Unapiga picha kwa simu, programu inakwambia huyu ni nani. Nilikuwa peke yangu kwenye hiyo kazi, kwa hiyo picha niliomba kwenye magrupu ya usharika, kuanzia Rau mpaka Kilema juu: kila mwenye ng'ombe anitumie picha tano za pua na jina lake mwenyewe. Majina nikayageuza namba bila hata kuyasoma vizuri. Walikuja ng'ombe mia mbili na kumi na mbili. Na mbwa mmoja.

Zikiwa zimebaki wiki mbili niwasilishe, programu inapata asilimia themanini na nne. Dakta Godwin, msimamizi wangu, alishasema chini ya tisini hasaini, unarudi mwakani. Na mimi Arusha nimeshapata kazi, wanataka cheti mwaka huu.

Tatizo lilikuwa jozi kumi na saba. Programu inang'ang'ania kwamba ng'ombe wa mtu wa Rau ndiye yule yule wa mtu wa Kilema. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, laptop inaunguruma kama mashine ya kusaga. Jozi zile zile.

"Ikikosea kila mara mahali pale pale, huenda haikosei," Dakta akasema, macho yako kwenye simu yake. "Hao ng'ombe umewaona?"

"Nimeona picha zao."

"Nimeuliza ng'ombe."

Nikafungua orodha ya majina. Jozi ya kwanza: Ebenezeri wa Kilema, na baba mkubwa Aminieli wa Rau. Baba mkubwa ninayemjua mimi anafuga kuku.

Nikapanda Kilema. Ng'ombe yuko bandani anatafuna mgomba, Mzee Ebenezeri anamkatia mwingine.

"Shikamoo baba. Huyu ng'ombe ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Si wa Mzee Aminieli?"

"Ni wake."

"Sasa ni wa nani?"

Akaweka panga chini. "Umesoma mpaka wapi, mama?"

"Masters."

"Na hili wameliruka. Aminieli amemweka kwangu. Maziwa yangu, mbolea yangu, ndama wa kwanza wake, wa pili wangu. Ukiniuliza kama nina ng'ombe, ninaye. Ukimuuliza yeye, anaye. Nani amekudanganya hapo?"

Hakuna. Mambo ya kumweka ng'ombe kwa mtu nimeyasikia tangu nazaliwa, na kwenye fomu yangu sikuyawekea hata mstari mmoja. Programu ilikuwa sahihi, niliyekosea ni mimi.

Dakta akakubali nizisahihishe hizo jozi, kwa sharti kwamba kila jozi pande zote mbili zisaini kuwa ng'ombe ni mmoja. Ndani ya siku tisa nikapata kumi na nne. Zilizobaki tatu zote ni za baba mkubwa, na bila hizo niko themanini na tisa.

"Sisaini," akasema. Tumekaa sebuleni kwake Rau, karatasi ziko mezani. "Mama yako mkubwa hajui."

"Lakini picha ulinitumia mwenyewe."

"Nilidhani inayoangalia ni kompyuta, siyo wewe."

"Ng'ombe watatu, baba. Kwa nini umfiche?"

"Ng'ombe akikaa uani, kila harusi ya ukoo inakuja na kamba kumchukua. Na anayewafungulia geti ni yeye."

Nikamwambia nitarudi mwakani basi, na kazi wataipa mtu mwingine. Akaangalia dirishani. Hapo mama mkubwa Elisifa akaingia na chai. Baba mkubwa akafunika karatasi kwa gazeti, lakini pembe moja ilibaki nje.

Mama mkubwa karatasi ile anaijua. Siku ya Jumanne alisaini ya kwake, ya ng'ombe aliyemweka kwa Dominika kule Kilema, akaniapisha nisimwambie mumewe.

Angeweza kumimina chai akaondoka. Akaangalia ile pembe, akaniangalia na mimi, uso umenishuka.

"Baba Given, saini mtoto amalize shule," akasema. "Mimi nilishasaini ya kwangu."

"Ya kwako ya nini?"

"Ya mmoja tu." Akamimina kikombe cha kwanza. "Wewe una wangapi?"

Kuku wanaparua nje.

"Watatu," baba mkubwa akasema.

"Watatu. Na kaka yangu alipomwoza binti yake ulisema huna hata mkia."

"Na wewe ulisema nini?"

Mama mkubwa akamimina cha pili. Baba mkubwa akatoa gazeti, akaomba kalamu, akasaini zote tatu taratibu, huku anauliza pembeni, "Wa kwako ana ndama?"

"Anaye. Jike."

Nikakusanya karatasi zangu, chai sikuisubiri. Asilimia tisini kamili. Dakta amesaini jana.