Siku Niliyouchelewesha Mkoba

Kaka yetu Evodius alinipigia simu saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, nikiwa kituo cha basi Woolwich, hapa London, na mfuko wa shanga mkono mmoja, ndizi mkono wa pili. Aliuliza niko wapi, nikamwambia. Akauliza niko na nani, nikamwambia niko peke yangu. Mtu mwenye akili zake angesema basi, nitakupigia baadaye. Evodius alivuta pumzi tu, akasema, "Koku, Mama ametutoka. Leo alfajiri. Kifua kilimbana, hata hospitali hatukufika."

Basi langu lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaenda zake.

"Usimwambie Generosa," akaendelea. "Nimeshaongea na shemeji Lawrence. Akitoka kazini atawapitia watu wa jumuiya, waje wamwambie wakiwa wengi. Si unajua presha yake. Wewe nenda ukakae naye. Hakikisha amekula, na simu asiishike. Huku kwenye group la ukoo nimezuia watu wasiandike kitu mpaka jioni. Wewe ni jasiri, Koku."

Naitwa jasiri tangu nikiwa na miaka tisa na sijaona faida yake hata siku moja. Baba alipofariki, dada yangu Generosa alizimia, wanawake wakamzunguka na kanga na maji ya baridi. Mimi sikuzimia, nikatumwa sukari dukani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika ukoo wetu huyo mwenzio ni mimi. Nikapanda basi lililofuata.

Kila Jumamosi, kwa miaka mitatu sasa, tulikuwa tunashona shanga nyumbani kwa Generosa huko Plumstead: yeye, mimi, na binti yake Angel wa miaka kumi na mitatu. Mama ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo Bukoba, mikoba ile ya shanga na nailoni ambayo wanawake hubeba kwenye harusi. Hapa London tulianza kwa kufukuza upweke wa baridi, ikawa mazoea. Safari hii mkoba ulikuwa wa Mama mwenyewe. Mjukuu wake, mtoto wa Evodius, alikuwa anapadrishwa Desemba, na Mama alitoa oda kwa simu kama anaongea na fundi: mweupe, maua ya buluu, rangi za Bikira Maria, na tusimletee kitu cha dukani. Generosa alikuwa na tiketi ya kwenda. Mimi makaratasi yangu ya ukaazi bado yako Croydon, kwa watu wa uhamiaji, mwaka wa nne huu, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa njia ya shanga tu.

Generosa alinifungulia mlango kwa kelele.

"Umechelewa! Shanga umezifuata Woolwich au Bukoba?"

Alikuwa amefunga kitenge kiunoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mkoba ulikuwa mezani. Pande mbili na kitako vilikwisha, ulibaki ubavu mmoja na mshikio.

"Leo tunafunga, Koku," alisema. "Tukifunga tu nampigia Mama video, auone kabla hajalala."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu. Lawrence, mumewe, huendesha basi, na siku hiyo zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi. Mpaka awapitie watu na kufika, ingekuwa saa kumi na moja. Kazi iliyobaki, kwa mikono yetu sisi watatu, ilikuwa ya saa tatu, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote nilikuwa mimi. Basi nikajua kazi yangu pale. Mkoba ule usikamilike kabla ya watu kufika.

Nilianza na makopo. Tunazo shanga nyeupe pe, na tunazo nyeupe za rangi ya maziwa, na mtu akizichanganya ua linaonekana chafu. Nikajifanya kiwiko kimeteleza, makopo yote mawili yakamwagika kwenye sinia moja.

"Koku! Hiyo ni mikono au makasia?"

Tulizichambua moja moja, vichwa vimegusana, mpaka saa saba. Generosa alicheka peke yake, akasema Mama angetuchapa. Nikasema ndiyo, angetuchapa. Sauti yangu ilitoka sawasawa na nilijichukia kwa hilo.

Nikaenda kupika ndizi na maharage. Simu yake ilikuwa imelala juu ya friji. Niliizima nikaizika kwenye kopo la mchele. Aliponiuliza nikamwambia inachaji. Chakula kilipoiva alikataa kula, akasema tumalize kwanza.

"Dawa ya presha inataka chakula," nikamwambia. "Ukianguka hapa nani atakubeba na unene huo?"

Alinisonya, akala. Alikula sahani mbili, akamsimulia Angel jinsi Mama alivyokuwa akitufumulia kazi tukikosea ushanga mmoja, tunalia, naye anatuimbia pale pale anapofumua. Niliketi nikimwangalia anavyotafuna na nasema kweli tupu, nilimwonea wivu mpaka nikataka kumnyang'anya sahani. Alikuwa anakula kama mtu mwenye mama.

"Mbona wewe huli?"

"Nimekula sokoni."

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikangoja machozi. Hayakuja. Nikanawa uso na kurudi kwenye shanga.

Ua la mkoba wetu lina shanga tano za buluu. Unapitisha ncha mbili za nailoni, unazipishanisha ndani ya ushanga wa mwisho, unavuta. Ukiweka sita, ua linakaa upande, na safu yote inayofuata inalifuata upotevuni. Nikaweka sita. Nikaendelea safu tatu juu yake, haraka haraka. Angel ndiye aliyeliona.

"Auntie, you've done six. It's five."

Nilimkazia macho, akanyamaza. Lakini Generosa alikuwa amesikia. Alishusha miwani, akavuta mkoba karibu na dirisha, akafumua safu zote tatu. Nikaanza upya. Nikaweka nne.

Hapo alikasirika kweli. "Koku, una nini? Toka asubuhi mkono wako uko kombo. Hata Angel alipoanza hakuwa hivi." Halafu akanitazama, hasira ikamshuka. "Umepata barua ya Croydon. Wamekukatalia?"

"Bado hawajajibu."

"Usinifiche."

"Bado, dada."

Aliweka mkoba chini, akanishika mkono, vidole vyake vimekakamaa kwa nailoni. "Sikiliza. Nikifika Bukoba nakupigia video ndani ya kanisa. Utamwona Mama na mkoba wake begani, utaona kama uko benchi moja naye. Na mwakani utakwenda mwenyewe umkumbatie. Mungu yupo."

Ningeweza kuvumilia matusi ya siku nzima. Wema ule ulinishinda. Neno lilifika ulimini kabisa, nikalimeza, nikaitikia kwa kichwa tu. Alidhani nimefarijika.

"Basi wewe pumzika," akasema. "Mimi na Angel tunamalizia."

Hilo sikulitegemea. Nikawa mtazamaji. Nje giza liliingia saa kumi, kama kawaida ya mwezi ule, na dada yangu chini ya taa akawa anakwenda safu kwa safu bila kosa hata moja, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa kikwazo chake miaka yote. Ubavu ukafika juu. Mshikio ukakaa upande mmoja. Saa kumi na nusu akashika upande wa pili, akapitisha nailoni mara ya kwanza, mara ya pili.

"Angel, niletee simu yangu jikoni. Nafunga fundo hili tu."

Angel akainuka. Mimi nikachukua mkasi mezani nikakata nailoni.

Mshikio ulidondoka upande. Generosa aliutazama, akautazama mkasi, akanitazama mimi. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Nilimwona akikumbuka kimoja kimoja: makopo yaliyomwagika, ua la shanga sita, ua la shanga nne, sahani niliyomsimamia mpaka aimalize.

"Koku," akasema polepole. "Nani?"

Nikaweka mkasi chini.

"Evodius?"

Nikatikisa kichwa.

"Watoto wa Evodius? Huyu padre? Lawrence? Koku, Lawrence amepata ajali?"

"Hapana, dada. Hapana."

Alitaja shangazi, akawataja wajomba wawili, akamtaja hata mwalimu wetu wa darasa la tatu. Alimtaja kila mtu isipokuwa mmoja. Angel alisimama mlangoni pa jikoni mikono mitupu. Niliomba Mungu waje upesi. Tulikaa hivyo, yeye akiniuliza kwa macho, mimi nikiangalia sakafu, mpaka ufunguo wa Lawrence ukasikika mlangoni.

Waliingia wengi, nao wakavua viatu taratibu. Mtanzania akiona watu wa jumuiya wameingia nyumbani kwake bila kupiga simu, bila kucheka, wanavua viatu kwa mpangilio, hahitaji kuambiwa tena. Lawrence alikuwa bado na sare ya kazi. Baba Kelvin, mwenyekiti wetu, alibaki amesimama. Mke wake na Nyambura, nesi Mkenya anayefanya kazi na Generosa, walikwenda moja kwa moja kukaa kulia na kushoto kwake, wakamshika.

"Mama Angel," Baba Kelvin alisema, "umekula?"

"Nimekula."

"Na dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Semeni."

"Mama yetu wa Bukoba amepumzika leo alfajiri."

Dada yangu alilia kilio ambacho sitaki kukieleza. Walimshika, wakamlegeza kitenge, wakampepea, Lawrence akapiga magoti mbele yake. Hakuzimia. Mpango ulikuwa umefanikiwa, na mimi nilikwenda jikoni kuchemsha chai ya watu, maana hakuna aliyeniambia nifanye kingine. Nilikuwa nahesabu vikombe niliposikia ananiita.

"Koku yuko wapi?"

"Yuko jikoni," Lawrence akasema. "Mwache. Yeye alijua toka asubuhi."

"Toka asubuhi? Koku!"

Nikaja na kijiko mkononi. Nilijua atanilaumu, na nilikuwa tayari.

"Ni nani alikuwa nawe ulipoambiwa?"

"Hakuna. Nilikuwa kituo cha basi."

"Baada ya hapo ulikwenda kwa nani?"

"Nilikuja hapa."

Mke wa Baba Kelvin aliangalia pembeni. Generosa alijifuta uso kwa kiganja, akajikokota akakaa ukingoni mwa kochi, akapigapiga pale alipotoka.

"Njoo ukae hapa."

"Maji yanachemka."

"Lawrence atazima. Kaa."

Nikakaa. Nyambura akanishika mkono wa kushoto bila kuulizwa. Generosa akanishika wa kulia, kwa nguvu hata kijiko kikaniumiza kiganja.

"Baba Kelvin," akasema, "mwambie na huyu."

Mzee wa watu akababaika. "Lakini, Mama Angel, yeye si anajua tayari?"

"Amesikia tu. Hajaambiwa. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Baba Kelvin akanigeukia, akaunganisha mikono mbele yake.

"Koku," akasema, "umekula?"

Nikasema sijala. Akamtazama Generosa, hakujua aendelee vipi, naye akamwashiria kwa kichwa aendelee.

"Koku, mwanangu. Mama yetu wa Bukoba amepumzika leo alfajiri."

Sikumbuki nilivyolia. Ninachojua nimesimuliwa na Nyambura, kwamba walinishika watu wanne, na kwamba jirani wa juu alishuka kugonga mlango akiuliza kama kuna mtu ameumia. Angel ndiye aliyemfungulia. Alimwambia kwa Kiingereza chake kwamba bibi yake amefariki, na mama yake mdogo ndiyo kwanza ameambiwa.