Magoti ya Asani

Asani, seremala wa Katuba, alikuwa amewachongea vitanda nusu ya wafanyakazi wa shaba wa mtaa ule. Uzeeni magoti yakamvimba hata akashindwa kusujudu, akawa anasali ameketi, kichwa chini kwa haya. Ramadhani ilipokaribia, mkewe Adija akamnunulia sokoni vidonge vya kupunguza uvimbe. Muuzaji hakuuliza kitu. Adija naye hakukumbuka vidonda vya tumbo vya mumewe, maana vilikuwa vimenyamaza miaka mingi.

Dawa ikafanya kazi. Asani alisujudu, akainuka bila kushikwa mkono.

"Adija, ona," alisema akicheka. "Miguu imerudia ujana."

Akawa anameza kimoja wakati wa daku na chai tupu, na maumivu yakizidi anaongeza jioni. Tumbo lilipoanza kuwaka moto, alisema ni njaa ya kufunga. Kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, hakumwambia mtu.

Alasiri moja akatapika damu juu ya mbao zake, akaanguka. Majirani wakambeba hadi hospitali, Adija akifuata na vidonge mkononi.

Daktari, kijana aliyevaa abakosi, suti isiyo na tai, chini ya koti jeupe, alivitazama vidonge vilivyobaki.

"Mama, mwili yenyewe inatengeneza kintu yenye kuleta uvimbe na maumivu. Hii dawa inaizuia. Lakini ni kintu ileile inalindaka tumbo, asidi isiikule. Muntu wa vidonda asimeze hii dawa. Mwenye figo mubaya pia, ao mama mwenye mimba kubwa. Nani alimupatia?"

"Ni miye," alijibu Adija.

Daktari akaagiza damu iletwe. Wakamwongezea Asani, ikawa inatoka zaidi kuliko inavyoingia.

Asani alimsikia mkewe akilia kando ya kitanda. "Acha kujilaumu, mama," alinong'ona. "Ulinipatia nisujudu."

Adija alitaka kumwambia kwamba Mungu angeipokea hata sala ya kuketi, lakini akaishia kumfuta damu midomoni. Kabla ya magharibi alikuwa mjane.

Wanawake waliokuja msibani walimwambia kufa katika mwezi mtukufu ni heri. Aliitikia kwa kichwa, maana walisema kwa upendo. Siku ya Idi akapika kama kila mwaka, akawapakulia wageni wote, akawashukuru kwa kuja. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, na walioketi barazani wakamsikia akimwita Asani kwa jina, taratibu, kama anayemwamsha.