Koleo Juu ya Kitanda cha Mtoto

Vita vilipoanza, wakubwa wa London walijaza Wajerumani kwenye mashamba ya jirani, wakazungusha seng'enge. Hawakutuuliza. Kisha wakachukua vijana wetu wa kisiwa cha Man waende vitani, mkwe wangu akiwemo. Marehemu mke wangu alipougua, daktari naye walikuwa wamempeleka kwingine. Nisiyaanze hayo.

Msimu wa kukata nyasi wakaniletea mfungwa wa kunisaidia: Volkmar, mwalimu kwao. Mtu mpole, mwepesi wa kazi, na Kimanx, lugha yetu, alikiokota kwangu kulekule shambani.

Alasiri moja nilimwita ndani anywe maziwa. Mjukuu wangu alikuwa amelala, koleo la kushikia makaa limekingamishwa juu ya kitanda chake, ili Wale Wadogo, vibwengo wa vilimani, wasije wakamwiba na kutuachia wa kwao. Volkmar akadhani limesahauliwa, litamwangukia mtoto. Akalitoa, akaliweka mekoni.

Binti yangu Voirrey akapiga ukelele. "Baba! Mtu wako anataka mwanangu aibwe! Askari akija jioni amchukue, asirudi tena!"

"Na nyasi? Mvua hiyo inakuja. Nikate na nani, na Waziri Mkuu?"

"Kata kwa meno!"

Volkmar alisimama kama mtoto aliyevunja chungu. "Nisamehe, dada. Koleo ni la nini?"

"Ni *yiarn*, chuma! Wanakiogopa."

Uso wake ukafunguka. "Kumbe! Kwetu ni *Eisen*. Bibi yangu aliniwekea mkasi chini ya mto, kwa ajili ya haohao."

"Unanidanganya."

"Haki ya Mungu sikudanganyi. Tena waliosoma wanasema neno lenyewe si letu. Zamani sana tulipakana na watu wa lugha ya ukoo mmoja na yenu, mafundi wa chuma. Tukachukua chuma, tukachukua na jina lake."

"Kwa hiyo mliazima."

"Tuliazima, dada. Hatujarudisha."

"Basi anza na koleo langu."

Akalirudisha, taratibu, pumzi ameibana. Voirrey akalisogeza kidogo, si kwa haja, ila ijulikane nyumba ni ya nani.

Jioni askari akabisha hodi. Nikamtazama binti yangu. Akamtia Volkmar kipande cha mkate mfukoni, akamgeukia askari.

"Kesho umlete mapema," akasema. "Nyasi hazijaisha."

Ziliingia ghalani kavu kabisa. Mpaka leo wakubwa hawajanieleza yule alikuwa adui wa nani.