Mtasema Amechanjwa

Mbwa wa Mzee Zabron aliitwa Mtasema, na jina hilo alipewa kwa ajili ya majirani. Siku alipoletwa nyumbani watu wa kitongoji walisema mzee amechukua mbwa mwembamba kama fito, asiyeweza kufukuza hata kuku. Zabron akamwita Mtasema, na kila alipopita mbele ya nyumba ya mtu alimwita kwa sauti kubwa. Baadaye mbwa alinenepa, akaota kifua, akawa mlinzi wa mashamba yote ya karoti na viazi upande ule wa mlima, na nguruwe wa msituni wakajifunza kupita mbali. Majirani waliacha kusema. Jina likabaki.

Shamsa alisikia habari za mbwa huyo kabla hajamwona. Alikuwa na miezi michache tu tangu aajiriwe kuwa ofisa mifugo wa kata. Kwao ni Mnazi, kule chini kwenye joto, na huku juu ya Lukozi alivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Siku ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa aliketi kwenye uwanja wa shule na kisanduku chake cha baridi, barafu ndani, chupa ndogo za dawa zimejipanga juu yake. Watu walileta mbwa kwa kamba za katani na kwa minyororo, na mama mmoja alimbeba wake mgongoni kwa kanga, kichwa kimechomoza begani kama mtoto mchanga. Shamsa alifurahi hadi akasahau njaa. Ndiyo kazi aliyoiota chuoni.

Ukungu ulipoanza kushuka na watu kwisha, akamwona Mzee Zabron anapita na jembe begani, peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mifugo."

"Mimi ni bibi mifugo, mzee."

"Bwana mifugo wa kike, basi. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Mbwa wako yuko wapi? Nasikia unaye mkali."

"Yupo shamba."

"Amechanjwa?"

Mzee alihamisha jembe kutoka bega hili kwenda lile. "Amechanjwa. Amechanjwa vizuri sana."

"Kadi yake unayo?"

"Kadi ya nini, mwanangu? Alama anazo mwilini."

Shamsa akacheka. Mwaka uliopita watu wengine walipita kuchanja huku na wakaishiwa kadi, hilo alilisikia ofisini. Akafunga kisanduku. Sindano ya kichaa cha mbwa haiachi alama yoyote mwilini, na Shamsa alilijua hilo kama anavyojua jina lake, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na pikipiki ilikuwa inamsubiri. Neno lile likapita sikioni kama upepo.

Likarudi asubuhi moja, msimu wa kupanda karoti.

Mbwa mgeni alipanda kutoka barabarani, mate yanamtiririka, anauma kila kilicho mbele yake: mti, jiwe, mpini wa jembe. Mama Secilia, mke wa Zabron, alikuwa anachimba viazi. Mtasema aliruka katikati yake na yule mgeni, wakashikana mpaka majirani walipofika na majembe na kumuua mgeni. Mama Secilia akamchukua Mtasema mtoni, akamwosha majeraha shingoni kwa mikono yake mwenyewe, mikono iliyopasukapasuka kwa kuosha karoti kwenye maji baridi kila wiki ya soko.

Shamsa alipopigiwa simu alikuja mbio kwa pikipiki. Kwanza alivaa glavu, akafungasha kichwa cha yule mbwa mgeni kipelekwe maabara. Kisha akapanda kwa Zabron akiwa na moyo mwepesi kidogo.

"Mungu amesaidia," aliwaambia wazee. "Mbwa aliyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa, anaongezewa sindano moja siku hiyohiyo, tunamfunga na kumwangalia. Mara nyingi anapona. Sasa niambie, mzee, Mtasema alichanjwa mwezi gani?"

Zabron alitazama paa la nyumba yake. Mama Secilia alimtazama Zabron.

"Mwambie, Baba Secilia."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto wa watu. Au nimwambie mimi, na ukiniachia mimi nitaanza mwanzo kabisa."

Mzee aliinama, akatenganisha manyoya katikati ya masikio ya mbwa. Pale kwenye ngozi kulikuwa na makovu madogo yaliyopangwa mstari, kila moja kama punje ya mchele. Chale. Zilikuwa zimekatwa kwa wembe na kupakwa kitu cheusi.

"Alama hizo," alisema polepole. "Kuna fundi mmoja kule pembeni ya msitu. Anachanja mbwa wawe wakali, wasiingiwe na kitu. Wewe uliniuliza amechanjwa. Mimi nikasema amechanjwa."

"Na huyu ni mzee wa kanisa," alisema Mama Secilia. "Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka, Jumatatu anapeleka mbwa kwa mganga."

"Ilikuwa Jumamosi."

Shamsa hakuweza kucheka. Alichuchumaa, mkono juu ya kichwa chenye joto cha Mtasema, na akahisi baridi ambayo sweta hazikuweza kuizuia. Neno moja, na kila mtu amelisikia kwa namna yake. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuliza mara ya pili.

"Mbwa asiyechomwa sindano," alisema, "akiumwa na mwenye kichaa, kwa kawaida tunamuua."

Mtasema alilamba damu iliyokauka mguuni.

"Sasa, mwanangu," Zabron alisema, sauti imeshuka, "ofisini wakikuuliza, si utasema amechanjwa? Hutakuwa umesema uongo. Neno ni lilelile."

Shamsa alimpenda mzee yule, na alimpenda mbwa yule pia. Ilikuwa rahisi kuliko vyote: neno moja tu kwenye simu. Lakini aliitazama mikono ya Mama Secilia, nyufa nyekundu kwenye vidole, akaona mahali ambapo neno lile lingeishia.

"Mama, ulimwosha kwa mikono hiyo?"

"Nina mingine?"

"Twende kwenye sabuni."

Alimsimamisha kwenye bomba la uani na kumwosha yeye mwenyewe, povu na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu hadi mama alipouliza kama anamgeuza karoti. Huku akiosha, alimweleza. Ugonjwa huu umo kwenye mate, huingilia kwenye nyufa za ngozi, na unatembea polepole. Unapitia kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kichwani, na ukifika kichwani hakuna daktari. Lakini chanjo ikitangulia, mwili unajifunza kupigana mapema na kuufungia njia. Hospitali ya Lushoto wanazo sindano za watu. Leo, na kisha kurudi kila tarehe watakayopangiwa bila kukosa hata moja.

"Na ninyi," aliuliza Zabron, amesimama na taulo, "mnajuaje kama yenu inafanya kazi? Mtasema tangu achanjwe kwa fundi hajaugua hata siku moja."

"Mbwa wa jirani yako Rajabu alichanjwa kwa fundi?"

"Rajabu? Hapana. Bahili yule."

"Aliugua?"

Mzee alifikiri. "Hakuugua."

"Mzee, ukiletewa mbegu mpya ya karoti, unafanyaje?"

"Napanda tuta moja mbegu mpya. Tuta la pembeni naacha ya zamani. Udongo uleule, maji yaleyale. Mwisho naona ipi imezidi."

"Basi ndivyo walivyofanya. Mbwa hawa wakachanjwa, wale hawakuchanjwa, wakafuatiliwa wote. Na ya watu walianza maabara, kwenye wanyama. Kisha watu wachache waliokubali kwa hiari yao. Wakaangaliwa kama inawadhuru, damu yao ikapimwa kama mwili umejifunza kupigana. Ndipo wakaongeza watu wengi zaidi. Panapoonekana kasoro wanarudi nyuma, wanaanza tena. Fundi wako aliacha tuta la pembeni?"

Zabron alimpa mkewe taulo. "Huyo," alisema, "hata shamba hana."

Shamsa akampigia mkuu wake simu mbele yao wote wawili, akasema kama ilivyo: mbwa ana chale, hana chanjo, na kosa la kutouliza zaidi ni lake. Upande wa pili ukapumua kwa nguvu. Kulikuwa na njia moja, ngumu. Mbwa achomwe sindano leo, afungiwe ndani ya banda lenye kufuli, peke yake, asiguswe na mtu wala mnyama kwa muda wa miezi sita. Dalili ikionekana, auawe siku hiyo. Na mwenye mbwa akifungua mlango hata mara moja kwa huruma, basi.

"Miezi sita," alisema Shamsa alipokata simu. "Utaweza, mzee?"

Zabron alitazama matuta yake. "Karoti ninazopanda leo zing'olewe. Nipande nyingine, nazo zing'olewe. Si ndiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Nguruwe watanila mzimamzima. Nitaweza."

Alikata miti ya miwati siku hiyohiyo, akajenga banda kwa kuibana hata mkono usipite, na chini akaacha tundu la kusukumia bakuli kwa fimbo. Mama Secilia alirudi kutoka Lushoto mkono umevimba kidogo, akaripoti kwamba nesi alikuwa mpole na kwamba yeye alipiga kelele.

"Mtasema alichomwa hakulia," alisema Zabron.

"Mtasema hana akili."

Majibu ya maabara yalikuja: mbwa mgeni alikuwa na kichaa. Shamsa hakushangaa, ila usingizi ulimpaa. Mawazo yake hayakuwa kwa Mtasema peke yake. Fundi wa pembeni ya msitu hakuchanja mbwa mmoja. Kila alipouliza uwanjani "amechanjwa?" na mtu akaitikia, ni wangapi walikuwa wanasema chale? Alirudi kwa Zabron kumwomba jambo ambalo aliogopa kuliomba.

"Watu wengine hawatakubali kusema," alimwambia. "Wanaona aibu. Lakini wakimsikia mtu wanayemheshimu akisema mwenyewe..."

"Unataka nisimame kanisani."

"Nataka mbwa wote wachomwe sindano, mzee. Sijui njia nyingine."

Zabron alimwaga pumba kwenye bakuli, akalisukuma ndani kwa fimbo. Mtasema alikuja kwenye miti, akatikisa mkia, akangoja mkono ambao haukuja. Zabron alikaa pale akimtazama mpaka chakula kikaisha.

Jumapili, wakati wa matangazo, mwinjilisti alipomaliza habari za kwaya na za harambee, Mzee Zabron alisimama kwenye benchi la wazee. Shamsa alikuwa nje na kisanduku chake, sikio dirishani.

"Mimi mbwa wangu nilimpeleka kwa fundi," alisema. "Mnamjua. Msijifanye kutazama vitabu vya nyimbo, mnamjua. Nikaulizwa amechanjwa, nikasema amechanjwa. Kwa ajili ya neno hilo mke wangu anachomwa sindano kila tarehe anayopangiwa, na mbwa wangu yumo kifungoni. Chanjo ya wembe na chanjo ya sindano si kitu kimoja. Aliye na mbwa wa wembe, binti yupo nje."

Kisha kutoka upande wa akina mama ikasikika sauti ya Mama Secilia: "Alimwita mbwa Mtasema, kumbe wa kusema ni yeye."

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele, hata mwinjilisti akafunika mdomo. Katikati ya kicheko hicho mtu mmoja akasema wa kwangu naye ni wa wembe, na mwingine, na mwingine. Mchana huo walikuja na kamba na minyororo. Rajabu jirani, aliyesimama njiani kusikia kinachochekesha Wakristo, alilipeleka neno lilelile msikitini jioni, na kesho yake Shamsa alirudi na barafu mpya. Sasa hakuuliza tena kama zamani. Aliuliza, "Amechomwa sindano?" na aliyejibu ndiyo aliulizwa na nani, na lini, na wapi.

Majirani walijipanga zamu za kupiga madebe shambani badala ya Mtasema. Rajabu alisema kazi ya mbwa ni ngumu kuliko alivyodhani, na kwamba kuanzia sasa atamsalimia. Karoti za kwanza ziling'olewa. Mama Secilia akamaliza sindano zake, akapona hata nyufa za mikono, kwa kuwa Zabron aliona aibu na kuanza kuosha karoti mwenyewe. Matuta yakapandwa tena. Kila wiki Shamsa alipanda mlima, akasimama nje ya banda, akatazama: anakula, anakunywa maji, anaitika akiitwa. Kila mara alishuka akiwa amebana pumzi mpaka wiki iliyofuata.

Asubuhi karoti za pili zilipopakiwa magunia, alikuja na ufunguo. Ukungu ulikuwa umeinuka na jua limepiga upande wa bonde. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likakataa, kisha likakubali.

Mtasema hakutoka mbio. Alitoa pua, akanusa kizingiti, akajinyoosha mbele na nyuma. Akamwendea Mama Secilia, akamlamba mikono iliyopona. Kisha akasikia kitu msituni ambacho hakuna mwingine aliyekisikia, akashuka matuta yote kwa mruko mmoja, akibweka.

"Mtasema!" aliita Mzee Zabron, kwa ile sauti ya mbele ya nyumba za watu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Shamsa alijifanya anafunga kisanduku.

"Mwakani utakuja tena kuchanja?" mzee aliuliza.

"Nitakuja. Kila mwaka."

"Basi uje," alisema, akijipangusa kwa mkono wa koti. "Ila uwe unauliza vizuri. Sisi huku tunajibu kile tulichoulizwa."