Kanga Aliyekosa Shahidi

Katika historia ndefu na tukufu ya jiko la Bi Mwatima, hapo Msuka, nyama ya porini ilikuwa haijawahi kuvuka kizingiti. Mumewe, Mzee Ngwali, enzi zake alikuwa fundi wa kutega kanga, yaani kanga ndege, si kanga ya kuvaa. Lakini akiwala hukohuko msituni na wenzake, maana mkewe alishatoa fatwa kwamba nyama ile inanuka.

Fatwa hiyo ilitenguliwa siku ya kumi na moja tangu mzee alipougua na kukataa chakula. Aliulizwa roho yake yataka nini, akajibu, "Kanga."

Mwanawe, Bakari, akamnasa mmoja alfajiri, akamchinja nyuma ya nyumba, kisha akaondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi ambako simu haishiki. Aliyeshika miguu ya kanga alikuwa Mardhiya, mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni.

Mardhiya ndiye aliyekabidhiwa chungu. Manyoya yalimganda mpaka kwenye nyusi. Alichemsha asubuhi nzima, nyama ikabaki ngumu kama mtihani wa hesabu. Akatia papai bichi, na adhuhuri nyama ikakubali yaishe. Akaunga kwa bizari na ndimu, akamalizia na tui zito. Harufu ikamtangulia chumbani, na mzee, ambaye siku zote hizo alikuwa amelala akiutazama ukuta, akageuka.

"Niinueni," akasema.

Bi Mwatima akamwegemeza kwenye mto wa kulalia. Mzee akanyoosha mkono, akauliza kama ambavyo angeuliza Mwislamu yeyote mbele ya nyama asiyoijua, "Kachinja nani?"

Jibu lilikuwa la maneno mawili tu, na Mardhiya alikuwa nalo mdomoni. Lakini furaha ilimzidi, na furaha ya Mardhiya haikuwahi kutoka nje bila kuvaa kichekesho.

"Hajachinjwa, babu. Tumemkuta kalala mtegoni, tukaona tusimwamshe."

Mkono ukasimama juu ya sahani.

"Mzoga?" Bi Mwatima akaivuta sahani.

"Natania, bibi! Kachinja ami Bakari, mie nimeshika miguu!"

"Apa."

"Wallahi!"

"Wallahi ipi? Ile ile ya mwezi?"

Mwaka uliopita, Ramadhani ishirini na tisa, Mardhiya aliapa kauona mwezi. Mtaa mzima ukapika vya sikukuu, na kesho yake ukafunga huku vitumbua vikiwatazama. Yeye alicheka wiki nzima.

Simu ya Bakari ikapigwa mara sita. Haikupatikana. Mardhiya akakimbilia jalalani, akarudi na kichwa cha kanga kiganjani.

"Tazameni, kisu hiki hapa kilipopita!"

"Hata mzoga hukatwa shingo," akasema Bi Mwatima, naye tayari analia.

Mzee Ngwali akamshika mjukuu wake mkono, taratibu, bila hasira. "Nakusadiki, mwanangu. Lakini nusu. N'na safari mie, na safari hii haiendwi na shaka tumboni."

Akageukia ukuta. Sahani ikatolewa nje, paka wakala, wakajilamba. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, mzee akafariki.

Bakari alirudi kaburi limeshafunikwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwekea Mardhiya mkono begani mbele ya jamaa wote waliokuja matangani.

"Almuradi alimla kanga wake," akasema. "Hilo tu ndilo linalonipoza."

Bi Mwatima akainamisha kichwa. Ulikuwa uongo mwepesi kuliko wote aliowahi kuombwa Mardhiya: alikula, ami, akaramba na vidole. Nani angemkatalia?

"Hakumla, ami."

Bakari akauondoa mkono wake, akamtazama kwa uchungu.

"Hata leo, Mardhiya? Hata leo huachi mzaha?"