Tochi ya Mahdi na Shavu la Chewa

Mdogo wangu Mahdi alirudi kisiwani kwetu Koyama kutoka soko la Kismayo na tochi ndogo ya betri moja, nyembamba kama kidole. Kikaratasi chake kiliisifu kwamba haiogopi maji, haiogopi kuanguka, haichoki. Akaiweka mbele ya Bi Arafa, mkunga wetu, kama mtu aliyeleta mahari.

"Hii hapa, Bi Arafa. Kandili basi tena."

Kandili kweli lisingewezekana. Jioni ile tulikuwa tunaondoka kwa mashua kwenda Kiunga, upande wa Kenya, na petroli ya injini ingekaa palepale atakapolala Safiya, mke wa Mahdi, ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika. Kungoja hatukuweza. Wenye bunduki wa safari hii walikuwa wametangaza kwamba vijana wote wa kisiwa wajitokeze kesho yake, na kila mtu alijua vijana hupelekwa wapi. Nasema wa safari hii kwa sababu tangu mwaka tisini na moja wamekuja wengi, kila kundi na bendera yake, na wote walizijua mashine za mashua zetu kabla hawajajua jina la kisiwa. Mimi nawakumbuka wote. Wao ndio wanaopenda tusahau.

Bi Arafa aliizamisha tochi kwenye mtungi, akaitoa. Ikawaka. Akaiangusha sakafuni. Ikawaka.

"Imeoga, imeanguka," Mahdi akasema. "Umeridhika?"

"Mtu huona kwa karatasi au kwa macho? Nileteeni samaki wawili. Mmoja wa leo, mmoja wa jana."

"Unataka mchuzi saa hii, bibi, mke wangu analia?"

"Nataka macho yako. Na mkeo bado ana muda, mimi ndiye najua. Njoo."

Tukaingia chumba cha nyuma, akafunga dirisha na mlango. Kwetu hakuna anayemuuliza muuza samaki kama samaki wake ni mpya. Unafunua shavu, unatazama matamvua. Yakiwa mekundu unanunua, yakiwa na rangi ya kutu unaenda zako. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla ya kujua kuswali. Bi Arafa akafunua shavu la samaki mmoja, akamulika, akalifunika. Akafunua la pili, akamulika.

"Yupi wa leo?"

"Huyu," Mahdi akasema bila kusita.

Bi Arafa akafungua mlango, jua likaingia. Mahdi alikuwa amemshika samaki wa jana.

Nilicheka. "Mvuvi huyo! Kesho utatuuzia ukoko useme ni pweza."

Bi Arafa hakucheka. "Mwanga wake ni mweupe wa buluu," alisema. "Unaua wekundu. Damu mbichi ya anayevuja na damu iliyolala, kwa tochi hii, ukizitazama kila moja peke yake, ni rangi moja."

Tulijua anasema nini. Mwaka tisini na moja alimzalisha mamake Safiya ndani ya mashua kama yetu, kwa njia hiyohiyo, gizani kabisa. Nguo zilikuwa zimeloa maji ya bahari, ubao umeloa, kila kitu kimeloa, na hakuna aliyejua kwamba yule mwanamke anavuja damu mpaka kulipopambazuka akaonekana rangi yake. Alizikwa Kiunga. Mtoto aliyebaki ndiye Safiya. Waliotufukuza siku ile baadaye waliitwa waheshimiwa, wakakaa mikutanoni kwenye hoteli kuzungumzia amani.

"Basi tuiache?" Mahdi akauliza, sauti imeshuka.

"Tuiache tushike nini? Ipakieni. Na huyu samaki wa jana mpakieni. Na mnitafutie chewa aliye hai, mtieni ndooni na maji."

Safiya alijifungua tulipokwisha kukipita kisiwa cha Chovae, chini ya turubai, mtoto wa kike, akalia vizuri. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nilisikia Bi Arafa akiomba kitambaa kikavu, kisha kingine, na baada ya muda akaomba tena. Mawimbi yalikuwa yakiingia juu ya ubavu na kuwalowesha wote.

"Mahdi," aliita. "Mchinje chewa."

Akalifunua shavu la chewa na shavu la yule wa jana, akakilaza kitambaa katikati yao, akawasha tochi. Kwa mbali mimi niliona vitu vitatu vya rangi ya kahawia, basi.

"Mimi nimeshaona," Bi Arafa akasema. "Lakini mume ni wewe. Tazama pole pole, vyote pamoja. Kitambaa ni ndugu wa yupi?"

Mahdi aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa. Bandari ya Burgao ilikuwa kulia kwetu. Pale palikuwa na mtu wa dawa mwenye sindano ya kuzuia damu. Pale palikuwa pia na kizuizi chao, wenye bunduki haohao waliokuwa wakiwataka vijana. Kiunga ilikuwa mbali, na ilikuwa salama. Angeweza kusema haoni. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa tochi ile.

"Wa leo," alisema. Kisha akaninyanyulia uso. "Gharibu, geuza."

"Mahdi, unajua pale kuna nani."

"Geuza, kaka."

Nikageuza.

Safiya alipigwa sindano, damu ikakata, na yu hai. Binti yake sasa anasoma Mombasa. Mashine waliing'oa palepale ufukweni. Mahdi walimpandisha kwenye gari na vijana wengine, na mpaka leo nauliza aliko. Nimeuliza kwa kila ofisi yenye mlango, na sitanyamaza.

Mmoja wao aliiokota tochi, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena usoni kwa Bi Arafa. Akamuuliza kwa Kisomali kama ni nzuri.

Bi Arafa alikuwa amembeba mtoto, mikono yake bado haijaoshwa.

"Haiogopi maji," alimjibu. "Haiogopi kuanguka. Lakini usitazame damu kwayo."

Yule kijana akacheka, akaitia mfukoni.