Namba Niliyoiandika Mara Mbili

Rachel Katoo alitoka Isinya asubuhi na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 2005, siku ya mwisho ya kutuma fomu za chuo cha uuguzi kwa mtandao. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni. Akaja kwetu Kitengela, kwenye cyber, duka la kompyuta na mtandao, ya Elsie, mke wa mwanangu.

Kila alipobonyeza kutuma, ukurasa ulikatika. Saa tisa na nusu Elsie akampigia simu fundi, Maweu.

"Elsie, hii barua yangu ningetuma kwa posta ingekuwa imefika," alisema Bedan, mteja wetu wa kila siku. Hakuna aliyecheka. Hata hivyo alimwachia Rachel kiti chake kilicho na mto.

Maweu alifika saa kumi na dakika ishirini. Aliandika maneno machache, ikatokea orodha ya namba. Kisha akainua router, kile kisanduku kinachotuletea mtandao, akasoma kibandiko chini yake.

"Hii orodha inaonyesha kila anwani iko kwa kadi ya mashine gani," alisema. "Anwani ya router ingekuwa na namba hii ya kibandiko. Lakini hapa iko na namba ingine. Kuna mashine inajibu ikijifanya router."

"Gani?" Rachel aliuliza.

Maweu alipita kompyuta moja moja akilinganisha namba. Alisimama kwa ile ya tano, mpya.

Nilikuwa naosha vikombe. Alfajiri, kabla Elsie hajawasha router, mimi ndiye niliyeiweka ile mashine. Elsie alikuwa na mimba ya miezi minane, nikataka apumzike. Nilinakili namba kutoka kompyuta ya nne: juu anwani ya mashine, chini anwani ya router. Macho yangu yakaruka mstari, nikaandika ile ya chini kote kuwili.

"Ni mimi," nikasema.

Elsie aliniangalia. "Mama, si ungeniamsha?"

"Ulikuwa umelala vizuri."

Maweu alichomoa waya wa ile ya tano. Rachel akabonyeza. Bado. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika hamsini na nane.

"Kompyuta yako bado inakumbuka jibu la uongo," Maweu alisema, vidole vikikimbia. "Wacha nifute orodha, iulize upya."

Akafuta. Rachel akajaribu, na safari hii ukurasa haukukatika. Vyeti vyake vilipanda polepole sana, kimoja baada ya kingine. Jibu lilipokuja, lilisema fomu imepokewa saa kumi na moja na dakika tatu.

Nilikaa chini. Rachel alikuja akachukua kikombe kilichokuwa bado na sabuni mkononi mwangu, akakisuuza, akanitilia chai.

"Koko," aliniita, yaani bibi kwa Kimaasai, "usilie. Pengine wataikubali."

"Na wasipoikubali?"

Alikunja bahasha yake mara mbili, akaikunjua tena.

Maweu alinichapishia ile orodha ya kwanza, yenye namba ya uongo, na kando yake akaandika kwa kalamu jinsi ilivyokuwa, akatia sahihi. Jumatatu nitaenda na Rachel hadi chuoni. Sijui kama watataka kunisikiza, lakini nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba msichana huyu hakuchelewa.